Mkadi wangu mwaka wa 6 huu hautoi kadi, nimepigwa au nisubiri?

MtuWaFeri
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua miti maana mimi nimefika mwisho na mama watoto ameshaanza kuniangalia kwa jicho lile.

Miaka 6 iliyopita nilipohamia Kigamboni, nyumba bado haina hata plasta, nikasema kitu cha kwanza napanda mkadi uani. Marehemu mama alikuwa mtu wa Unguja na mimi nimekua na ile harufu kwenye kanga zake, alikuwa akipata kadi, yaani ua la mkadi, anachambua yale makuti meupe anayalaza kwenye kasha katikati ya nguo, miezi miwili mbele ukifungua kasha unasema humu ndani kuna harusi. Basi nikapita kwa jamaa wa miche pale barabarani nikauliza mkadi upo, akanitolea mche uko kwenye kiroba, nikalipa elfu 15 bila hata kuomba kupunguziwa, akaniapia kabisa kwamba huu ukianza kutoa maua mtaa mzima watajua.

Mti umekua, hilo simlaumu. Umenipita kimo na umeshusha yale mamizizi ya nje, ukiuangalia kwa mbali kama vile umesimama unataka kuondoka. Miba yake imeshamchana mtoto mara 2 na mipira 3 ya jirani imepasukia hapo. Harufu sasa, hakuna. Mwezi uliopita nikaona kitu kinaning'inia, kijani, mviringo, kama nanasi lililonyolewa kichwa, nikafurahi nikamwita mke wangu nikamwambia haya njoo unuse. Kanusa, kaniangalia, kasema linanuka jani.

Nimepigwa au nisubiri?

Kibopa wa Buza
Kadi ipi mkuu, ya mchango? Mi mwezi huu nimeletewa 4, njoo nikugawie 2.

mamaNasra
🤣🤣 Kibopa acha mambo yako mtu kaja na shida

Bi Asumini
Mwanangu pole. Kwanza Mungu amrehemu mama, hilo la kasha umenikumbusha mbali.

Sasa hebu niskize. Mkadi una dume na jike, mti mmoja ni dume mwengine ni jike, si kama mwembe. Kadi yenyewe, ile ya kunukia tunayotia kwenye kikuba, kile kishada cha maua cha kubana kifuani, inatoka kwa dume. Jike ndo huzaa hilo dude lako kama nanasi na hilo halinukii hata ulifukize. Kwa hivyo ukae miaka 6 ukae 60, huo ulionao ni jike na utakuzalia mananasi ya uongo tu. Sisi kwetu mtu hanunui mkadi dukani, anakwenda kwenye mti anaoujua, uliowahi kutoa kadi akainusa kwa pua yake, anaomba kichipukizi. Kichipukizi cha dume ni dume. Ukipanda mbegu hujui umepanda nini mpaka uzeeke nao.

MtuWaFeri
Bi Asumini shikamoo. Duh. Kwa hiyo nimefuga jike miaka 6 nikisubiri litoe maua ya kiume 😭

Bi Asumini
Marahaba baba. Ndo hivyo.

Kibopa wa Buza
Sisemi kitu. Mods wasije wakaniondoa.

Udongo_Mwekundu
Wakuu nimechelewa kidogo ila hii ndo fani yangu, nimefanya kazi ya bustani za hoteli miaka mingi. Bi mkubwa kasema kweli kuhusu dume na jike, ila mi nina wasiwasi mwingine. MtuWaFeri nijibu maswali 3. Moja, miba ya pembeni ya jani ni ya rangi gani, kijani, nyeupe au nyekundu? Mbili, hilo tunda limekaa juu limesimama au linaning'inia kwenye kikonyo kirefu? Tatu, majani yenyewe ni kijani cha kawaida au yana ubuluu ubuluu kama yamepakwa unga?

MtuWaFeri
Nimetoka na tochi. Miba nyekundu, kama imepakwa hina. Tunda linaning'inia, kikonyo kirefu kama mkono wa mtoto. Majani ndio yana huo ubuluu.

Udongo_Mwekundu
Basi umepigwa mara mbili kaka. Huo si mkadi wa kikuba hata kidogo, huo ni ndugu yake wa Madagaska, jina la kitaalamu Pandanus utilis. Ndo unaouzwa sana kwa miche ya mapambo, hotelini tuliupanda kwenye kona za bwawa kwa sababu una shepu nzuri, majani yanajipanga kwa kuzunguka kama skrubu, na chumvi ya bahari haiusumbui. Kule Morisi wanauita vacoas, upo mji unaitwa Vacoas kabisa kwa sababu ya miti hiyo, na zamani majani yake ndo waliyokuwa wanasukia magunia ya sukari. Kwa hiyo si mti wa hovyo. Ila harufu ya mama yako huwezi kuipata hapo.

Hii familia ni kubwa mno, kuna aina zaidi ya 500 za pandanasi duniani, Afrika, Asia, mpaka visiwa vya Pasifiki ambako wengine wanakula matunda yake kama sisi tunavyokula mafenesi. Wa kwetu wa asili huku pwani ni Pandanus kirkii, kapewa jina la John Kirk yule konseli wa Mwingereza aliyekaa Unguja enzi za Sayyid Barghash, alikuwa anapenda mimea huyo. Mwingine unaitwa rabaiensis, wa Rabai kule nyuma ya Mombasa.

Jamaa wa miche mi simtetei ila wengi wao hata hawajui, kwao kila chenye jani refu lenye miba ni mkadi.

mamaNasra
We unaishi Kigamboni, kuna mpaka sehemu inaitwa Mikadi, halafu unaenda kununua mkadi barabarani 🙆🏽‍♀️ si ungeshuka tu ufukweni ukaulize wenyeji

MtuWaFeri
mamaNasra usiniongezee machungu

Mvita Original
Yakhe huu uzi umenitoa machozi. Mombasa tulikuwa tukienda harusini mamangu hatoki nyumbani bila kikuba, asumini, mrehani, kilua akipatikana, na kadi imekatwa vipande vidogo vidogo imefungwa pamoja ikabanwa kwa pini kifuani. Akipita mahali dakika kumi baadaye wajua alipita. Siku hizi wasichana wajipuliza pafyumu ya chupa wasema ndio mambo. Na vikuba bado vyauzwa, tembea Mji wa Kale jioni siku za harusi utaviona, lakini kadi imekuwa adimu, wengi watia asumini na mrehani pekee. Na bei nayo ukiambiwa watafuta kiti ukae.

Sababu ya kuadimika wallahi ni hiyo hiyo ya miba. Watu wamejenga fleti, hapana ua, aliye na ua auweka simiti, na aliye na mti aukata kwa sababu ya watoto.

Juma Mchuma Ndimu
Sikilizeni niwape siri ya wazee. Mti ukigoma kutoa maua unaenda nao alfajiri na panga, unaupiga piga kwa ubapa huku unasema mwaka huu usipotoa nakukata. Halafu awepo mtu wa pili anakubembeleza, "muache bwana atatoa". Mwembe wetu ulizaa mwaka ule ule.

Udongo_Mwekundu
Juma kwa mwembe sibishi. Ila kumtisha jike ageuke dume, hilo panga labda lina mambo mengine.

SitakiDengi
Samahani wakuu naingilia. Mimi ni bwana afya na naona mnaongelea harufu tu. Huo mti na ndugu zake wote wanashika maji kwenye makwapa ya majani, pale jani linaposhikana na shina. Mvua moja tu pale pana vikombe vidogo vidogo kama thelathini, na mbu anazaliana humo. Si yule wa usiku wa malaria, ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeng'ata mchana. Wa Dar wenzangu mnakumbuka dengi ya 2014 na ile ya 2019, mi nilihesabu wagonjwa mpaka nikachoka. Sisemi mkate. Mara moja kwa wiki chukua mpira wa maji piga kwa presha mle kwenye makwapa ufagie yale maji yaliyolala, maana kiluwiluwi anahitaji kama wiki moja hivi na zaidi kidogo mpaka aruke, ukimwahi hapo umemaliza. Na majani makavu yanayoning'inia chini yatoe, usiyaache yawe kama sketi.

mamaNasra
Na nyoka jamani? Bibi yangu alikuwa anasema mkadi ukinukia unaita nyoka. Mwingine anasema majini 😬

Bi Asumini
Nyoka haji kwa harufu. Anakuja kwa panya, na panya kakaa kwenye hiyo sketi ya majani makavu aliyoisema bwana afya. Miye nimeishi na mkadi tangu kuzaliwa nimeona nyoka mara moja, na siku hiyo palikuwa na rundo la makumbi ya nazi chini yake. Majini siwajui, ila kama wanapenda kadi wana akili.

MtuWaFeri
Sasa wakuu twende kwenye vitendo. Tuseme nimempata mtu mwenye dume la kweli. Nakata nini, napanda vipi? Na huu wa sasa niufanyeje?

Udongo_Mwekundu
Twende pole pole. Unatafuta kitu kimoja kati ya viwili, chipukizi lililotokea chini ya shina, au tawi la juu lenye unene kama kifundo cha mkono ambalo limeshaanza kutoa mizizi ya hewa, vile vinundu au vijiti vinavyoshuka. Lenye mizizi ndo zuri, lisilo na mizizi linashika pia ila litakuchosha roho. Kata kwa panga kali au msumeno, mara moja, usichane chane. Halafu majani yale marefu yapunguze, acha kama theluthi tu, maana halina mizizi ya kunyonya maji ya kulisha majani yote hayo, wengi wanakosea hapa wanaona huruma wanaacha majani yote, wiki ya pili tawi limekauka wanasema mkono wao mbaya. Weka kivulini siku 2 kidonda kikauke ndo upande.

Udongo wa Kigamboni ule wa mchanga hauna tatizo kabisa, mti huu ni wa pwani, changanya tu na samadi iliyooza vizuri, nasisitiza iliyooza, mbichi itaunguza. Usizike shina kina kirefu, lishikilie tu na uweke mti wa kuegemea maana upepo utalitingisha na mizizi michanga itakatika. Kivuli kidogo mwanzoni, kuti la mnazi linatosha, likishashika jua lote ni lake. Maji kila baada ya siku moja mpaka lishike, baada ya hapo masika na vuli zinatosha, kiangazi kikali umsaidie. Ukipanda mwanzo wa mvua umepunguza kazi nusu.

Na muhimu kuliko yote, mita 3 mpaka 4 toka ukutani na toka njia ya watoto. Ile mizizi ya nje usiikate hata ikikukera, ndo miguu yake hiyo, ukiikata siku ya upepo wa kusi mti unakulalia bati.

Mvita Original
Na itachukua miaka mingapi mpaka atoe?

Udongo_Mwekundu
Ya tawi hesabu miaka 4 mpaka 6. Ya mbegu inaweza kupita 10, na bado ni kama kurusha shilingi, jike au dume.

Kibopa wa Buza
Miaka 6 aliyosubiri jumlisha 6 mingine. Mkuu mpaka hapo kadi utakayopata ni ya bima ya wazee.

Maskati_Tena
Salaam aleikum nyote. Niko Oman ila asili yetu Pemba, nimecheka na nimejifunza. Niongeze kidogo, huku Arabuni ua hili ni kadi vilevile, sisi Waswahili hatukulitunga jina tumelipokea. Na kule Jizan kusini mwa Saudia wana sifa ya kadi, wanalivaa kichwani pamoja na fuli, aina ya asumini, yaani mwanamme mzima kapiga shada la maua na jambia kiunoni na hapana wa kumcheka. India nako wana kewra, ile chupa ya maji meupe ya kutia kwenye biriani na vitamutamu, hiyo ni kadi imetoneshwa, zaidi inatoka wilaya ya Ganjam jimbo la Odisha, na wanakamua maua ya dume peke yake. Kwa hiyo Bi Asumini unasema kitu ambacho wafanyabiashara wanakijua karne.

Kama shida ni harufu tu na huna subira ya miaka 6, nunua kewra kwenye duka la Wahindi. Si sawa na kadi mbichi, hata karibu si sawa, lakini pilau litakushukuru.

Dada wa Rotterdam
Samahani nauliza swali la kijinga. Mimi huku Uholanzi maduka ya Waindonesia wanauza majani yanaitwa pandan, mengine mabichi mengine yamegandishwa, jirani yangu alinifundisha kufunga fundo jani moja nikalitupa kwenye wali unapochemka, jamani huo wali! Unanukia kama basmati ya gharama. Sasa huo si mkadi? Maana na mimi nilinunua mche wake kwenye kopo nikamwambia mama nina mkadi sebuleni akanijibu haiwezekani.

Udongo_Mwekundu
Si swali la kijinga. Ni familia moja ila mwingine, Pandanus amaryllifolius. Huo unanukia jani badala ya ua, na unanukia kama basmati kwa sababu kemikali ya harufu ni ile ile moja iliyoko kwenye basmati. Karibu hauna miba, na maua ni nadra mno kutoa, unaongezeka kwa machipukizi ya chini tu, watu wamegawana mpaka umezunguka Asia nzima. Kwa mwenye fleti na kindoo cha kupandia huo ndo unafaa. Kwako Dada, usiuweke karibu na dirisha wakati wa baridi, ukishuka chini ya nyuzi 15 unaanza kunung'unika. Majani yakitoka madoa ya kahawia na gamba gamba za kushika ni vidugamba, futa kwa kitambaa cha maji ya sabuni.

Na mama yako yuko sahihi.

Dada wa Rotterdam
Mama siku zote yuko sahihi 😩 asante sana

Bi Asumini
MtuWaFeri, huo mti wako wa Madagaska usiukate kwa hasira. Miti ina haki yake. Ondoa majani ya chini yanayofika usawa wa macho ya mtoto, yakate kwa panga la mkono mrefu, uvae shati la mikono. Juu uache upendeze. Na yale majani usitupe, chana miba ya pembeni na ya mgongoni, anika, hata vipepeo vya jikoni utasuka. Wenzetu wa huko Morisi si wamesuka magunia?

Na ukipata dume, kadi inakatwa alfajiri, ikiwa bado imejifunga kidogo. Ukingoja ifunguke yote, siku ya pili imeshachoka. Mwaka wa kwanza itatoa moja au mbili tu, usimpe mtu.

Juma Mchuma Ndimu
Mi bado nasimama na panga langu.

MtuWaFeri
Wakuu narudi na mrejesho, najua wiki 3 nimepotea.

Nilikwenda Unguja. Upande wa mama nina shangazi, mama mdogo tuseme, yuko kusini huko, nilikuwa sijamtembelea toka msiba. Namuuliza mama mdogo mkadi alioupenda mama upo? Akanionyesha nyuma ya choo cha zamani, mti umelala ubavu, mizizi imeushika kama mzee na fimbo, na juu kabisa kadi moja imeshakauka rangi ya karatasi ya zamani. Nikainusa hivyo hivyo imekauka. Sitaki kuandika sana hapo.

Tumekata matawi 2 yenye mizizi, majani nimepunguza nikaacha theluthi kama mlivyosema, nimefunga kwenye gunia na kamba. Balaa likaanza botini. Gunia limetoboka, miba ikachomoza, kila anayepita ananasa, dada mmoja shungi limenasa tukakaa dakika tano tunalichomoa uzi kwa uzi huku akinisema, mwisho akauliza hiki kitu gani, nikamwambia mkadi, akanyamaza kisha akasema "dume?" Nikajua huyu wa kwetu. Akaomba namba ya simu ya miaka 6 ijayo.

Nimepanda juzi, kona ya mbali, nimepima mita 4 kwa futikamba. Moja langu, moja nimepeleka kwa dada yangu Mbagala, likifa moja lipo lingine. Ule wa Madagaska umebaki, mke wangu kautetea mwenyewe, anasema kauzoea, nimeupunguza majani ya chini na kila Jumamosi naupiga maji kwenye makwapa. Bwana afya ulisema kweli, mara ya kwanza viluwiluwi vilishuka na maji kama uji.

Swali moja la mwisho, nitajuaje kama tawi limeshika?

SitakiDengi
👏👏 hiyo Jumamosi usiache hata moja

Mvita Original
Hapo pa kadi kavu umeniweza yakhe.

Bi Asumini
Hongera mwanangu, na kumtembelea mama mdogo ni bora kuliko huo mti. Tazama jani la kati, lile changa kabisa. Likibaki kijani na likaanza kusukuma juu baada ya mwezi mmoja miwili, limeshika. Likilegea ukalivuta likachomoka mkononi kama ukuti mbovu, basi limeoza moyo. Lakini usilivute vute kila siku kupima, utaling'oa zima.

MtuWaFeri
Nimelivuta leo asubuhi. Kidogo tu. Halijatoka.

Bi Asumini
Nimesema usivute!